Namba Zinazofuatana

Mara nyingi namba moja ikibadilika, nyingine hubadilika pia. Kabla ya kuzidisha au kugawanya, jiulizeni kwanza: hii ikiongezeka, ile yafanya nini?

1. Namba zinazoongezeka pamoja

Sokoni Bunia huuzwa samaki wa Ziwa Albert, waliotoka Kasenyi. Tuseme kilo moja ni franka 8,000. Kilo 2 ni franka 16,000, na kilo 3 ni franka 24,000. Kilo zikiwa mara tatu, bei nayo ni mara tatu. Gawanya bei kwa kilo: daima utapata 8,000. Basi twaandika hivi, B ikiwa bei na K ikiwa kilo:

B = 8,000 × K

2. Namba zinazokwenda kinyume

Watu 6 hulima shamba la mihogo kwa siku 8. Watu 12 wenye bidii ileile watalimaliza kwa siku ngapi? Asiyefikiri atajibu: 16. Lakini je, mikono ikizidi, kazi hukawia? Sivyo! Watalimaliza kwa siku 4. Watu 3 wangelima siku 16. Zidisha watu kwa siku: 6 × 8, 12 × 4, 3 × 16; daima utapata 48. Basi, W ikiwa watu na S ikiwa siku:

S = 48 : W

3. Namba moja inayofuata mbili

Mshahara wote (M) wafuata watu na siku pia. Kila mtu akipata franka 5,000 kwa siku:

M = 5,000 × W × S

Watu 6 kwa siku 8 watapata franka 240,000.

Sasa angalieni vema. Mwenye shamba ameita watu 12, na kazi imekwisha kwa siku 4. Asema: «Siku zimepungua nusu, nami nitalipa nusu, franka 120,000.» Je, ni haki? Hapana. 5,000 × 12 × 4 = 240,000. Siku zimepungua nusu, lakini watu wameongezeka mara mbili. Akilipa nusu, amemwibia kila mtu franka 2,500 kwa kila siku ya jasho lake. Amri ya saba yakataza wizi, hata ule unaofanywa kwa kalamu. Ajuaye hesabu hadanganywi upesi. Naye asimdanganye jirani yake.

Maswali

1. Kilo 5 za samaki ni franka ngapi?
2. Watu 8 watalima shamba lile kwa siku ngapi?
3. Watu hao 8 watapata mshahara gani wote pamoja? Eleza kwa nini ni sawa na ule wa watu 6.