Meli ni ya Umma, Gati Je?

Katika pwani ya magharibi ya Uskoti vimetapakaa visiwa ambavyo wakaazi wake wengi hutegemea bahari kufikia hospitali kubwa na mnada wa mifugo. Na kwa kuwa kisiwa chenye watu mia mbili hakiwezi abadan kumtajirisha mwenye meli, hasa miezi ya baridi na tufani, serikali ya huko iliona tangu zamani kuwa safari hizo ni haki ya raia kama ilivyo barabara, wala zisiachiwe rehema ya wafanyabiashara. Shirika linaloendesha nyingi ya safari hizo, Caledonian MacBrayne, ambalo watu hulifupisha wakaliita CalMac, lilipata jina hilo mwaka 1973 makampuni mawili yalipounganishwa, na hadi leo ni mali ya serikali.

Hata hivyo, umiliki huo una mafundo yake. Mwaka 2006, kwa ajili ya kanuni za ushindani za Umoja wa Ulaya, shirika liligawanywa: CMAL ikawa mmiliki wa meli na baadhi ya bandari, na CalMac ikabaki kuziendesha meli hizo kwa mkataba. Yote mawili ni ya serikali ileile, na CalMac huilipa CMAL kodi ya meli, jambo ambalo mvuvi wa kisiwa cha Barra akielezwa ana haki ya kucheka. Katika zabuni ya mwaka 2016 CalMac iliishinda kampuni ya Serco. Na tangu Oktoba 2025 imepewa mkataba wa miaka kumi bila ya kushindanishwa na yeyote.

Faida ya umma kumiliki ilidhihiri katika nauli. Kuanzia 2008, kwanza kwa majaribio, nauli ilikadiriwa kwa gharama ya kwenda masafa yaleyale kwa barabara, ikashuka sana. Lakini neema haikosi taabu: watalii walifurika na magari yao, hata mwenyeji aliyetaka kumpeleka mgonjwa bara akaambiwa meli imejaa.

Ama kadhia ya meli ya Glen Sannox, hiyo ni ya kusikitisha. Meli hiyo na mwenzake ziliagizwa mwaka 2015, kwa paundi milioni 97, katika kiwanda cha Ferguson kilichoko Port Glasgow. Novemba 2017 Glen Sannox iliposhushwa majini mbele ya viongozi na umati wa watu, baadhi ya madirisha yake yalikuwa yamechorwa kwa rangi tu juu ya chuma. Kiwanda kilifilisika mwaka 2019, serikali ikakitwaa. Gharama ya meli hizo mbili ikapita mara nne ya ile ya awali, na abiria wa kwanza hawakupanda Glen Sannox hadi Januari 2025.

Nayo ilipokuwa tayari, haikuweza kufunga gati Ardrossan, bandari ambayo kwa miaka mingi ndiyo mlango wa kisiwa cha Arran. Bandari hiyo ilikuwa ya kampuni binafsi, Peel Ports, na mashauriano ya kampuni, baraza la wilaya na serikali juu ya nani atoe fedha za kulitengeneza gati yalidumu miaka pasipo muafaka. Meli ya umma ikabidi iende Troon, safari iliyo ndefu zaidi, katika bandari ambayo nayo pia si ya umma.

Wapo wanaosema kwamba yote haya ni hoja ya kuwauzia matajiri shirika hilo. Siafiki. Juni 2023, huduma ya meli ya bandari ya Lochboisdale, katika kisiwa cha South Uist, ilipokatwa karibu mwezi mzima, mamia ya wakaazi walijipanga bandarini na magari na malori yao kupinga, na walijua ni waziri gani wa kumwuliza. Mwenye hisa wa mbali wangemwuliza nani? Kosa la Uskoti ni kumiliki chombo na kuliacha gati mikononi mwa mwingine, na kuamua mambo ya kisiwa bila ya kuwasikiliza wanaokaa kisiwani. Februari 2025 serikali ilitangaza kwamba itatafuta kuinunua bandari ya Ardrossan. Uamuzi huo ni wa haki, ila ulistahili kutangulia kabla ya kuagizwa meli.