Kununua Merikebu si Kununua Maarifa

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli ya serikali tulisomeshwa kisa cha Nabii Nuhu, aliyeamrishwa kuunda safina ilhali maji hayajaonekana, na wakubwa wa kaumu yake kila wakimpitia wakimcheka. Kisa hicho ni fundisho la imani. Kwa viongozi wa visiwa kina fundisho jingine pia: chombo na fundi wake hutayarishwa kabla ya siku ya haja.

Nchi moja ya visiwa iliyolielewa jambo hili ni Japani. Mwaka 1853 manowari za Kimarekani ziliingia katika maji yake na kudai milango ifunguliwe. Japani wakati huo ilikuwa na maseremala hodari wa vyombo vya mbao na matanga, lakini wahandisi wa meli za moshi haikuwa nao. Mwenye mizinga akawa ndiye mwenye kauli.

Bahati ilikuja kwa sura ya msiba. Disemba 1854 tetemeko la nchi lilileta mawimbi makubwa yaliyoivunja manowari ya Kirusi, Diana, katika bandari ya Shimoda, na baadaye ikazama. Mabaharia wake wakaomba ruhusa ya kuunda chombo cha kuwarejesha kwao. Kazi ikapewa maseremala wa kijiji cha Heda, chini ya uongozi wa maofisa wa Kirusi. Hapo ndipo mafundi hao walipojifunza kulaza mkuku na kusimamisha mataruma kwa kanuni za Kizungu, na mwaka 1855 chombo kikashushwa majini. Mmoja wao, Ueda Torakichi, hakurudi tena kwenye mashua za uvuvi. Mwaka 1862 alipelekwa Uholanzi pamoja na maofisa na wanafunzi, na aliporejea alifanya kazi katika gudi kubwa la Yokosuka.

Mwaka huo huo wa 1855 ilifunguliwa skuli ya ubaharia Nagasaki, ambapo walimu wa Kiholanzi walisomesha hesabu, uongozaji wa vyombo na mashine za mvuke. Skuli ilifungwa 1859, lakini mwaka uliofuata baadhi ya waliosoma hapo walikuwa miongoni mwa walioivusha meli ya Kanrin Maru katika Bahari ya Pasifiki hadi Marekani, wakisaidiwa na mabaharia wachache wa Kimarekani.

Kazi kubwa zaidi ilianza Yokosuka mwaka 1865. Serikali ilimwajiri mhandisi wa Kifaransa, François Léonce Verny, kijana wa miaka 27, ajenge karakana na magudi. Ndani ya eneo hilo hilo ikawekwa skuli. Vijana walisoma Kifaransa, hesabu na uchoraji wa merikebu, kisha wakashika nyundo karakanani. Mwaka 1875 manowari ya Seiki iliyoundwa hapo ilishushwa majini, na mwaka 1878 ikasafiri hadi Ulaya. Verny aliondoka 1876. Mgeni aliondoka, kazi haikusimama.

Waliofuzu vyema walipelekwa Cherbourg, Ufaransa, wakasome pamoja na wahandisi wa huko. Naye Sasō Sachū, aliyekuja kuwa mchoraji mkuu wa manowari za nchi yake, alisomea Uingereza. Kati ya 1886 na 1890 mhandisi Émile Bertin aliletwa Japani, akachora manowari tatu za namna moja. Mbili ziliundwa Ufaransa, na ya tatu, Hashidate, iliundwa Yokosuka na kushushwa 1891. Hatimaye, mwaka 1906, ikashushwa Satsuma, manowari kubwa iliyochorwa na kuundwa na Wajapani wenyewe, ijapokuwa vifaa vyake vingi vilitoka nje. Tangu maseremala wa Heda hadi hapo ilipita miaka 51.

Hatusemi haya kwa kuisifu mizinga. Elimu hiyo ilitumika baadaye kuwatawala majirani, na Korea ilimezwa mwaka 1910. Sisi tulioonja ukoloni hatuwezi kuusifu kwa mwingine. Tunachokitazama ni njia ya kumfikisha kijana kutoka kwenye tezo hadi kwenye injini.

Nasi tulikuwa na nafasi yetu. Tufani ya mwaka 1872 iliangamiza merikebu za Sayyid Barghash. Akaagiza nyingine, na mwaka 1878 Glasgow iliundwa Uskochi. Meli ilinunuliwa, lakini skuli ya kuwatoa wahandisi haikujengwa nayo. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza iliizamisha mbele ya mji, na ufalme haukubakiwa na meli wala maarifa. Mafundi wetu wa majahazi waliendelea na tezo, keekee na kalafati, baba akimrithisha mwana, bila ya kujengewa daraja la kuvukia upande wa chuma na mvuke.

Gharama ya daraja hilo kukosekana tunaijua. MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011, iliundwa Ugiriki mwaka 1967. MV Skagit, iliyozama Julai 2012, iliundwa Marekani mwaka 1989. Visiwani petu ni nadra kupata mtaa usio na aliyefiwa. Chombo kikuukuu kinapofika mikononi mwetu kinahitaji jicho la kwetu, linaloweza kuusoma ubavu wake, kupima uzani wake, na kusema kwa ujasiri kwamba hakifai.

Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam kipo, na uchumi wa buluu unahubiriwa kila jukwaani. Basi watawala wetu na wafanye mambo matatu. Kila mkataba wa kununua meli uwe na nafasi za vijana kusomea hiyo meli mahali inapoundwa. Kila darasa liwe na karakana jirani yake. Na watoto wa mafundi wa majahazi watafutwe kwanza, kwani mkono uliozoea mkuku umeshavuka nusu ya safari.

Watakaotucheka kwa kusomesha wahandisi kabla ya kuwa na gudi la kutosha, na watucheke. Nuhu naye alichekwa.