Saa ya mukono inapima tansio kweli?

Siku hizi watu wengi wanavaa saa za elektroniki zenye kuhesabu mapigo ya moyo. Zingine zinaandika hata tansio: 120 kwa 80, na mwenye saa anatulia. Ndugu musomaji, tuseme mapema: kama munganga alikupatia vidonge vya tansio, usiviache kwa sababu ya hesabu ya saa.

Chini ya saa kuko taa ndogo ya kijani. Mwangaza wake unaingia mu ngozi, damu inameza sehemu, na saa inapima mwangaza wenye kurudi. Moyo ukipiga, damu inajaa kidogo mu mishipa na mwangaza wenye kurudi unapunguka. Kwa kuhesabu mapigo ya mutu mwenye kutulia, njia ile ni nzuri.

Lakini tansio ni nguvu ambayo damu inasukumia ukuta wa mushipa. Taa haiigusi nguvu ile. Saa inaangalia tu namna wimbi la damu linapita, kisha inakisia. Wazo si baya: mushipa wenye kukakamaa, kama tiyo ya kauchu yenye kuzeeka, unapitisha wimbi mbio kuliko mushipa laini. Tangu 1860, Mufaransa Étienne-Jules Marey alichora wimbi lile ku karatasi, na chombo chenye kufungwa ku mukono.

Wenye kutengeneza saa wanajua mpaka wake. Samsung inaomba saa yake ilinganishwe na mashini ya kufunga mukono kila siku 28. Mu 2025 Marekani iliruhusu Apple kutia onyo ya tansio mu saa yake, lakini haitoi hesabu: inachunguza siku 30, kisha inamwambia mutu akapimishe.

Na sisi wa Kolwezi tuko na shida zetu. Mutu akishika mashini ya kutoboa jiwe, saa inatikisika. Jasho na vumbi vinaingia chini yake. Rangi ya ngozi pia ina maana. Mu 2020 waganga wa Marekani walionyesha kama kale kachombo ka kidole, kenye kupima oksijeni kwa mwangaza, kalikosa kuona upungufu karibu mara 3 zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe.

Tansio haiumi. Mutu anashuka mu shimo asubuhi akijisikia muzuri, kumbe mushipa wa kichwa uko karibu kupasuka. Kwa hiyo pima na mashini ya kufunga mukono wa juu. Bibi ao mutoto mukubwa anaweza kusaidia ku nyumba. Keti kwanza dakika 5, egemeza mugongo, weka mukono ku meza usawa wa moyo, usiongee. Pima mara 2, asubuhi na mangaribi, siku 7, na uandike. Kama hesabu zinafika 135 kwa 85 ao zaidi, beba karatasi ile kwa munganga. Punguza chumvi, na makayabo iloweke muzuri mbele ya kupika.

Saa ikitoa onyo, nenda kupimisha. Lakini uso ukipinda upande mumoja, mukono ukilegea ao maneno yakikwama, musingojee saa wala mashini: mupeleke mutu ku hospitali mara moja.