Je, Wajua? Mwendo Kasi Una Uwanja Wake

Je, wajua kwamba Brooklands, uwanja wa kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya mbio za magari ukiwa na kona zilizoinuliwa upande wa nje, ulikuwa mali ya mtu binafsi? Hugh Locke King aliujenga kwenye ardhi yake huko Weybridge, kusini mwa Uingereza, kwa fedha zake mwenyewe, ukafunguliwa Juni 1907. Kona hizo zilipanda karibu mita 9. Wakati huo sheria ya Uingereza ilimkataza dereva kuzidi maili 20 kwa saa barabarani, yaani kama kilomita 32. Mwenye gari lenye uwezo zaidi hakuwa na pa kulikimbiza.

Siku chache tu baada ya ufunguzi, Selwyn Edge aliingia humo na gari la Napier akaliendesha saa 24 mfululizo bila kumwachia mtu mwingine usukani. Alikwenda maili 1,581, zaidi ya kilomita 2,500, kwa wastani wa kilomita 106 hivi kwa saa. Usiku alionyeshwa njia kwa mamia ya taa nyekundu zilizopangwa ukingoni. Hakuna barabara ya umma ambayo ingemruhusu kufanya hivyo.

Majirani nao walichoka na kelele, wakaenda mahakamani. Ndiyo maana mbio za saa 24 za mwaka 1929 ziligawanywa mara mbili: saa 12 siku ya kwanza, magari yakafungiwa usiku, kisha saa 12 siku ya pili. Hadi leo viwanja vingi hupima kelele za kila gari, na gari linalopiga kelele kupita kiasi hurudishwa gereji.

Je, wajua kwamba Bilster Berg, uwanja wa kukodi karibu na mji wa Bad Driburg nchini Ujerumani, ulikuwa ghala la risasi na mabomu la jeshi? Ulifunguliwa mwaka 2013. Mzunguko wake ni kilomita 4.2, na mahali pamoja mteremko hufikia asilimia 26. Dereva akifika ukingoni pale haoni lami mbele yake, anaona anga.

Ascari, karibu na Ronda nchini Hispania, ni wa mfanyabiashara Mholanzi, Klaas Zwart. Una kilomita 5.4 hivi na kona 26, nyingi zikiiga kona maarufu za viwanja vingine duniani. Japani wamejenga Magarigawa juu ya milima ya Chiba, uliofunguliwa mwaka 2023 kwa ajili ya wanachama. Kwetu Afrika, Kyalami wa Afrika Kusini ulifunguliwa mwaka 1961, ukauzwa kwa mnada mwaka 2014, na tangu hapo unamilikiwa na mtu binafsi. Uko juu sana kutoka usawa wa bahari, hivyo hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu. Madereva wa Nairobi wanaijua hali hiyo.

Je, wajua kwamba katika siku nyingi za kuendesha kwenye viwanja hivi hakuna mbio kabisa? Hakuna mshindi, na mara nyingi kupima muda hakuruhusiwi. Sababu kubwa ni usalama, lakini bima pia imo: bima ya kawaida ya gari kwa kawaida haigusi ajali ya uwanjani. Kupita gari jingine nako kuna adabu yake. Mara nyingi unasubiri mpaka dereva wa mbele akuonyeshe kwa mkono upande wa kupita, na yeye analegeza mafuta ili upite upesi. Laiti tungekuwa na adabu hiyo kwenye barabara zetu kuu.

Asubuhi ya siku ya uwanjani huanza na maelezo ya bendera. Ya njano, hatari mbele, punguza mwendo wala usipite mtu. Nyekundu, kipindi kimesimamishwa, rudi polepole. Kisha gari hukaguliwa: nati za magurudumu, betri iliyofungwa vizuri, mafuta yanayovuja. Chini ya kiti hutolewa kila kitu. Chupa ya maji inayobingirika na kuingia nyuma ya pedeli ya breki inatosha kuua mtu.

Mwalimu anayekaa kando yako atakusumbua zaidi kuhusu macho kuliko mikono. Gari hufuata unakotazama. Ukitazama ukuta, utaufuata ukuta. Kwa hiyo kabla hujakata kona, macho yawe yameshafika pale unapotaka kutokea.

Sasa breki, na hapa ndipo penye elimu kubwa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka mara nne. Gari la kilo 1,500 likishuka kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80, breki hupokea joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 5 za maji. Hiyo ni kona moja tu. Mzunguko mmoja una kona nyingi, na kipindi kimoja kina mizunguko kadhaa. Ndiyo maana mzunguko wa mwisho huendeshwa taratibu ili diski zipoe, na ukishaegesha hupigi handibreki; unaacha gari kwenye gia.

Je, wajua kwamba mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani? Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya unyevu, kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea: unakanyaga pedeli, inazama hadi sakafuni, gari halisimami. Jambo hilo hilo hutokea kwa lori au basi linaloteremka mlima mrefu huku dereva ameshikilia breki badala ya kutumia gia ndogo, kama gari hilo linatumia breki za mafuta. Watengenezaji wengi hushauri mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Wewe unayeishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kwenye hewa yenye unyevu mwaka mzima, mwulize fundi wako wiki hii: ya gari lako yalibadilishwa lini?