Huyo "hasla" ni nani hasa?

Ukifika Kiganjo, mtaa ulio pembezoni mwa mji wa Thika (si Kiganjo ya chuo cha polisi, ile iko Nyeri), hutakaa sana kabla hujasikia neno "hasla". Mwendesha bodaboda ni hasla. Mama anayekaanga viazi mbele ya ploti ni hasla. Kijana anayesimama alfajiri kwenye lango la kiwanda akingoja kuitwa kibarua, naye ni hasla. Vijana wetu wa Pwani waliokwenda huko kutafuta maisha wamelidaka, na wakipiga simu nyumbani husema "mama, niko kwa hustle". Mama wa watu Likoni akabaki kujiuliza mwanawe kaingia kazi gani.

Ana haki ya kujiuliza. Mzizi wa neno ni wa Kiholanzi, kitendo cha kutikisa. Waingereza walilichukua katika karne ya 17 kwa maana hiyo hiyo ya kutikisa, kisha likawa kusukumana. Kufikia karne ya 19 "hustler" alikuwa mwizi, yule anayekusukumasukuma kwenye umati huku mwenzake akikutia mkono mfukoni. Marekani ikamsafisha kidogo, akawa mtu mwenye bidii asiyetulia, lakini uchafu haukutoka wote. Tapeli, mcheza kamari, muuza dawa za kulevya na hata kahaba huitwa hivyo hadi leo. Filamu ya mwaka 1961 yenye jina hilo, aliyocheza Paul Newman, inamhusu mcheza pulu anayewalia watu pesa zao.

Kenya ikachukua upande wa jasho, ikaacha ule wa wizi. Vijana wa Sheng hutamka "hasola". Magazeti huandika "hasla", wingi "mahasla". Na "hustle" imekuwa kazi yenyewe, ndipo utasikia mtu akiulizwa "hustle yako ni gani?" na asione ameulizwa vibaya.

Aliyelipeleka neno hili hadi Ikulu ni William Ruto. Akiwa bado naibu wa rais alijiita hasla, mtoto aliyeuza kuku kando ya barabara, akawaita wapinzani wake watoto wa nasaba, yaani akina Kenyatta na Odinga. Chama chake cha UDA kikachukua wilibaro kuwa nembo, na uchaguzi wa Agosti 9, 2022 akashinda. Mtu aliyekaa serikalini miaka mingi, mwenye mali asiyoificha, akawa jina moja na msukuma mkokoteni wa Kongowea! Siasa ina maajabu yake.

Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo serikali ikazindua Hazina ya Hasla, mkopo wa simu kwa *254#, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa asilimia 8 kwa mwaka. Hapa neno likaacha kuwa la mdomo tu. Wengi wetu Pwani asilimia hiyo ni riba, iitwe jina lolote, na Muislamu anayeuza mahamri Majengo alijikuta yeye ndiye hasla hasa, lakini hazina yenye jina lake haigusi.

Kwa matumizi, basi: baina ya rafiki na rafiki halina ubaya. Mzee usimwite hivyo, tunayo "mchuuzi", "mtafutaji" na, kwa aliyechoka kabisa, "mlalahoi". Anayeomba kazi Dubai au viza ya Uingereza asithubutu kuliandika kwenye barua, maana afisa atakayeisoma huenda analijua neno kwa ile maana ya zamani. Aandike anachokifanya: fundi, dereva, muuza samaki.