Kaa Kwanza, Uhesabu

Kijana mmoja wa Ngaramtoni alinifuata baada ya Misa. Anataka kuuza ng'ombe wa nyumbani kwao, anunue mashine ya kuchimba bitcoin, aifunge chumbani. Sikumcheka. Kwa baridi hii ya Meru, mashine inayopasha nyumba joto hata padre angeitamani!

Tulikaa tukahesabu, kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14:28. Mashine ya wati 3,250 ikiwaka usiku na mchana hula yuniti 78 za LUKU kwa siku. Mteja wa TANESCO mwenye matumizi madogo hatakiwi kuvuka 75 kwa mwezi mzima. Tena Aprili 2024 malipo ya mchimbaji yalikatwa nusu.

“Mama anajua habari ya ng'ombe?” nikamwuliza.

Akainamisha kichwa. “Bado, Padre.”