Kadi ya Mchango wa Wodi ya Watoto

NDUGU msomaji, hebu zihesabu kadi za michango ya harusi ulizopokea mwaka huu. Kila moja ina jina lako, kima cha mchango na siku ya mwisho ya kutoa. Nyuma yake ipo kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, inayokutana kila wiki, tena ina mjumbe mwenye ulimi mtamu wa kuwakumbusha wanaochelewa. Ukisha kuzihesabu, jiulize swali moja: je, umepata kuletewa kadi ya mchango wa wodi ya watoto?

Hapana shaka utajibu kwamba wagonjwa tunawachangia. Ni kweli, lakini tunawachangia vipi? Simu hulia usiku kutoka Handeni. Mtoto wa dada ana malaria kali, damu imepungua, na inabidi akimbizwe Bombo, hospitali ya mkoa mjini Tanga. Kwa miaka mingi sera ya afya imewasamehe malipo ya matibabu watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali. Hata hivyo gari lahitaji mafuta, mama anayelala wodini ahitaji chakula, na dawa iliyokwisha hospitalini hununuliwa dukani. Basi kila mmoja hutuma alichobakiwa nacho. Mtoto akipona, twamshukuru Mungu na kusahau. Asipopona twachanga tena, safari hii kwa ajili ya sanda.

Wako watu waliojifunza kuchanga kabla simu ya usiku haijalia. Mwaka 1938 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, ambaye mwenyewe alipooza miguu kwa ugonjwa uliotambuliwa kuwa polio, alianzisha mfuko wa kupambana na maradhi hayo. Mchekeshaji Eddie Cantor akawaomba wasikilizaji wa redio wapeleke Ikulu sarafu moja tu, sehemu ya kumi ya dola. Zilimiminika sarafu 2,680,000, nyingine zikiwa zimetolewa na watoto wadogo. Ombi hilo likarudiwa mwaka baada ya mwaka. Ni mfuko huo uliogharimia utafiti wa Jonas Salk, ambaye chanjo yake ya polio ilitangazwa kuwa salama na yenye nguvu mwaka 1955. Mfuko huo huo ulimsaidia pia Albert Sabin, mtaalamu wa chanjo ya matone.

Televisheni ilipoenea, desturi hiyo ilihamia huko na kuitwa teletoni. Kituo huacha vipindi vyake vya kawaida. Waimbaji na wachekeshaji hushika zamu usiku kucha, wananchi hupiga simu kuahidi michango, na jumla husomwa hadharani kila mara. Nchini Chile, Desemba 1978, mtangazaji Don Francisco aliongoza kipindi cha namna hiyo kwa saa 27 ili kuwasaidia watoto walemavu. Kimerudiwa mara nyingi tangu hapo, na kwa fedha zake vituo vya kuwatibu watoto hao vimejengwa katika mikoa mbalimbali ya nchi hiyo.

Tusidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Kwamkono, wilayani Handeni, karibu na hospitali ya misheni, lilikuwapo bweni la watoto waliolemazwa na polio. Leo mzazi kijana wa Handeni hajui hofu waliyokuwa nayo wazee wake, kwa kuwa mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini Tanzania alionekana mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi ikathibitishwa kuwa huru na maradhi hayo. Zile sarafu za redio zilifika hata Kwamkono, zikiwa zimegeuka matone mdomoni mwa mtoto.

Aidha, jirani zao wa Korogwe wametoa mchango usiohesabika kwa shilingi. Mwaka 2007 wazazi wa huko, sambamba na wenzao wa Kilifi, Kenya, walikubali watoto wao washiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Watoto wa pande zote mbili walikuwa 894, na chanjo ikaonekana kupunguza ugonjwa kwa asilimia 53. Korogwe ikashiriki tena, pamoja na Bagamoyo, katika majaribio makubwa ya nchi saba yaliyoanza mwaka 2009. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Mzazi wa Korogwe ametimiza wajibu wake. Je, sisi tuliohamia mjini?

Mfano wa kuanzia upo hapa nchini. Mwaka 2020 Benki ya CRDB ilianzisha mbio za hisani, na fedha zake zikachangia upasuaji wa watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini si lazima tuwe benki, wala tuwe na kituo cha televisheni. Simu iliyo mfukoni mwako hupeleka fedha hadi Korogwe kabla chai haijapoa.

Tunachokosa ni yale matatu tunayoyajua vizuri kutokana na harusi zetu: kima kidogo ambacho kila mtu anakimudu, siku maalumu isiyosogezwa kila mwaka, na mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya watu wote. Mchango usiosomwa hesabu hufa mwaka wa pili. Wodi nayo iulizwe kwanza inahitaji nini, isije ikaletewa mapazia wakati imepungukiwa na vitanda.

Haba na haba hujaza kibaba. Jumapili hii, jamaa wa Handeni na Korogwe walioko mjini wakikutana kwa ajili ya kikao cha harusi, mmoja wao na afungue ukurasa mpya wa daftari. Bwana harusi hatanung'unika akipungukiwa na soda moja.